Mafundo Yanayoishia Katikati

Akitoka shule, Evodia hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye banda la wafumaji, akasukuma mkoba wake chini ya benchi na kusema, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mama. Umekula?"

Bibi Klara hakusubiri jibu. Alijua kwamba mtoto wa darasa la sita hajawahi kushiba tangu shule zianzishwe duniani. Alinyoosha mkono kuelekea kisufuria cha viazi vitamu kilichofunikwa kwa kitambaa, huku mguu wake ukiendelea kukanyaga mti wa kitanda cha kufumia. Evodia alikula akiwa amesimama, akiangalia kitambaa kikikua mbele ya bibi yake.

Banda hilo la Kinampanda lilikuwa la kikundi cha akina mama. Walifuma vitambaa vya jikoni vya pamba: vya kukaushia vyombo, vya kufunikia mikate, vya kushikia sufuria ya moto. Vyote vilikuwa vyeupe vyenye mistari myekundu, na kila mfumaji aliweka alama yake pindoni. Alama ya Bibi Klara ilikuwa nyuzi mbili za buluu. Vikishakunjwa vilipelekwa Singida mjini, kwenye duka la vyombo la Foram, duka lililoanzishwa na babu yake. Watu wa mjini walivipenda, na Foram alivipanga dirishani mahali ambapo hakuna mpita njia angevikosa.

Kitanda cha Bibi Klara kilikuwa na jambo moja ambalo vitanda vingine havikuwa nalo. Mtande wake, yaani zile nyuzi nyeupe za urefu ambazo hutandikwa kwanza kabla ya kufuma, ulitandikwa na Flora, mama yake Evodia. Flora alikuwa mfumaji hodari, mwenye vicheko vingi. Mwaka jana mvua zilipoanza aliugua, na kabla mahindi hayajabeba alikuwa amefariki. Aliacha mtande mrefu umezungushwa kwenye mti wa nyuma wa kitanda, nyuzi zimepangwa sawasawa bila hata moja kulegea. Bibi Klara alikalia benchi la binti yake na kuendelea kufuma kuanzia pale Flora alipoishia.

"Kipande cha mwisho nitakuachia wewe," alimwambia Evodia mara nyingi. "Ukimaliza darasa la saba utakaa hapa, nami nitakufundisha kufuma kwenye nyuzi za mama yako."

Evodia alipenda kuzigusa nyuzi hizo. Wakati mwingine alizilaza kiganjani na kufikiri kwamba vidole vya mama vilipita hapo hapo. Hakumwambia mtu, kwa sababu angeanza kulia, na alikuwa amechoka kulia.

Sasa sikilizeni kuhusu rangi, maana shida yote ilianzia kwenye rangi.

Nyuzi za mistari myekundu zilichemshwa ndani ya sufuria la rangi, kisha zikasuuzwa. Hapo ndipo penye kazi. Unasuuza, maji yanakuwa mekundu kama juisi ya rozela. Unamwaga, unasuuza tena, yanakuwa kama rozela iliyozidiwa maji. Unaendelea hivyo hivyo mpaka maji yawe meupe kabisa. Ukiacha kabla ya hapo, kitambaa kitakuwa kizuri kwa macho, lakini siku ya kwanza kikifuliwa kitachuja rangi na kuharibu kila kilichomo ndani ya beseni.

Zamani Bibi Klara aliangalia maji mwenyewe. Lakini macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Kufuma aliweza bado, kwa sababu vidole vyake vilijua njia. Maji ndiyo yaliyomshinda. Kwa hiyo kazi ya kusuuza ilikuwa ya Evodia, na kila beseni lilipojaa, bibi aliuliza swali lile lile la wafumaji wa pale:

"Maji yanasemaje?"

"Bado yanasema nyekundu, bibi," Evodia alijibu, kisha akachukua ndoo na kurudi bombani.

Bomba lilikuwa chini ya kilima, na wakati wa kiangazi foleni ya ndoo ilikuwa ndefu kuliko foleni ya uji shuleni. Siku moja ya Ijumaa, Evodia alikuwa ameshapanda na kushuka kilima hicho mpaka shingo ikawa inauma. Alikuwa amechaguliwa kuingia timu ya netiboli ya darasa lao, na Peniel, rafiki yake, alikuwa amesimama nje ya banda akiruka-ruka kwa kukosa subira.

"Evo, fanya haraka! Mwalimu kasema asiyefika mazoezini leo anatolewa."

Evodia aliangalia ndani ya beseni. Maji hayakuwa mekundu. Hayakuwa meupe pia. Yalikuwa na rangi ya waridi iliyofifia, kiasi kwamba ukitaka kujidanganya ungeweza. Aliangalia kilima, akamwangalia Peniel.

"Maji yanasemaje?" Bibi Klara aliuliza kutoka kwenye benchi lake.

"Meupe, bibi."

"Meupe kabisa?"

"Meupe kabisa."

"Haya, asante macho yangu. Anika, halafu nenda kacheze. Umefanya kazi."

Evodia alimwaga yale maji nyuma ya banda, akaanika nyuzi na kukimbia. Jioni ile alifunga magoli, akabebwa na wenzake. Lile neno "asante macho yangu" lilimchoma kidogo alipokuwa akinawa miguu, lakini usingizi ulipokuja alilisahau.

Bibi Klara alifuma zile nyuzi. Vitambaa vilitoka vizuri, vikakunjwa, vikapanda basi kwenda mjini. Wiki zikapita. Evodia hakuwaza tena habari ya maji.

Kisha siku moja gari dogo likasimama nje ya banda, na Foram mwenyewe akashuka. Haikuwa kawaida yake kuja. Alibeba mfuko mkubwa kifuani, na uso wake haukuwa wa mtu aliyekuja kusalimia.

"Shikamoo, Bibi Klara. Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba, karibu kiti, Dada Foram," akajibu Mama Peniel, mwenyekiti wa kikundi. "Habari za mjini?"

"Si nzuri, mama."

Akafungua mfuko na kuvitandaza vitambaa juu ya benchi. Akina mama wakasogea kuangalia. Mistari myekundu ilikuwa imetapakaa. Sehemu zote nyeupe zimekuwa za waridi, zenye mabaka, utadhani mtu amefutia damu. Pindoni kulikuwa na nyuzi mbili za buluu.

"Wateja wamenirudishia," Foram alisema kwa sauti ya chini. "Mmoja alimpa binti yake vitambaa hivi kama zawadi ya harusi. Yule binti amevifua pamoja na kitambaa cha meza cha bibi yake mzaa mama, aliyekwisha fariki. Kimeharibika chote. Alikuja dukani analia, nami sikujua nimwambie nini. Sitaki kuwaacha ninyi. Lakini mniambie, imekuwaje? Nikiuza tena kitambaa kinachochuja, nani ataniamini?"

Evodia alikuwa amesimama karibu na mlango, kiazi mkononi. Alivitazama vile vitambaa na kuona kitu ambacho wengine hawakukiona: zile nyuzi zilizoharibika, zile zilizokuwa nyeupe, ndizo nyuzi za mama yake.

Bibi Klara alikishika kitambaa kimoja, akakileta karibu kabisa na uso wake, kisha akakipapasa kwa vidole kama anayemtafuta mtu gizani.

"Alama ni yangu," alisema.

"Bibi, nani aliangalia maji?" Mama Peniel aliuliza.

Evodia alifungua mdomo, akaufunga tena.

"Kitambaa ni changu," Bibi Klara alijibu taratibu. "Mfumaji ndiye anayejibu kwa kitambaa chake. Kosa ni langu."

Hapo ndipo Evodia alipopaswa kusema. Nafasi ilikuwepo, pana kama mlango wa banda. Lakini aliogopa macho ya Foram, na ya akina mama, na zaidi ya yote aliogopa macho ya bibi yake ambayo hayangeweza hata kumwona vizuri. Akakaa kimya, naye Foram akaaga na kuondoka.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumamosi. Mama Peniel alikuja nyumbani kwao asubuhi, akakaa kwenye kigoda na kuzungusha-zungusha leso yake mkononi. Alikuwa mwanamke mwenye maneno mengi, lakini siku hiyo maneno yalimtoka moja moja.

"Bibi, wewe ndiye uliyetufundisha sisi sote. Usidhani tumesahau. Lakini macho, bibi... Akina mama wanasema ungepumzika kwanza. Kitanda achukue mwenzetu anayesubiri."

Evodia alitegemea bibi yake atabisha. Bibi Klara alipenda kubisha, hata na wauza nyanya. Lakini hakubisha. Alitikisa kichwa tu.

"Ni kweli, mwanangu. Nilidhani ninaweza bado. Kumbe nimekwisha, ila nilikuwa sijaambiwa." Akapapasa chini akitafuta kandambili zake. "Twende nikatoe mtande. Kitanda hakihami na nyuzi za mtu mwingine."

Hiyo ilikuwa desturi yao. Mfumaji akiacha kitanda, mtande wake hukatwa, na hukatwa na yeye mwenyewe. Hakuna mwingine anayeweza kumkatia, kama vile hakuna mwingine anayeweza kumwagia machozi yake.

Walikwenda watatu. Njiani Bibi Klara alimshika Evodia begani kwa sababu ya mawe, na mkono ule ulikuwa mwepesi mno. Evodia alitamani umlemee.

Akina mama waliokuwa bandani waliacha kazi na kusimama. Bibi Klara alikaa kwenye benchi kwa mara ya mwisho, akapitisha kiganja juu ya nyuzi nyeupe zilizobaki, kutoka pindo hadi pindo.

"Flora, mwanangu," alisema, na sauti yake ikavunjika, "nisamehe. Nilisema nitamwachia mtoto wako kipande. Nimekiharibu."

Akachukua mkasi.

Nyuzi zilizovutwa zikikatwa hutoa sauti, na papo hapo kila uzi huruka upande wake. Bibi alikata fungu la kwanza. Akakata la pili. Machozi yalimtiririka bila yeye kuyafuta, na mkasi ulikuwa ukisogea kuelekea katikati ya mtande. Evodia aliuona ukisogea. Aliona kazi ya mama yake ikianguka fungu kwa fungu, akajua kwamba bibi hakatwi na uzee. Anakatwa na yeye, Evodia.

"Bibi, acha! Acha, bibi, usikate! Ni mimi!"

Mkasi ukasimama katikati.

Evodia alikuwa ameshapiga magoti kando ya kitanda, analia kwa sauti kama mtoto wa chekechea. "Si macho yako, bibi. Ni mimi. Siku ile maji... nilitaka kwenda netiboli. Nilichoka kupanda kilima. Nilikudanganya."

Bibi Klara aliuweka mkasi mapajani, akageuza uso wake upande ilikotoka sauti ya mjukuu wake.

"Siku ile," aliuliza polepole, "maji yalisemaje?"

"Yalisema nyekundu, bibi."

Bibi Klara alivuta pumzi ndefu. Evodia alisubiri kofi, na angelipokea kwa furaha. Kofi halikuja. Kilichokuja kilikuwa kibaya zaidi.

"Tangu Foram alipokuja jana sijapata raha," bibi alisema. "Nilijiuliza nimekosea wapi. Nikasema labda chumvi ya kushikiza rangi, labda moto, labda nimeanza kuchanganyikiwa. Nilianza kuyachukia macho yangu, Evodia. Nikamwomba Mungu anichukue kabla sijawaharibia wengine. Na wewe ulikuwa unakula na mimi sahani moja, huku ukijua ukweli."

Evodia alilia mpaka kwikwi zikamshika. Mama Peniel naye alikuwa akijifuta machozi kwa leso yake.

Mwishowe yeye ndiye aliyemwinua Evodia. "Simama, binti. Sisi nasi tuna kosa. Tuliharakisha kuhukumu macho ya mzee, tukasahau kuuliza. Bibi, tusamehe. Kitanda ni chako. Lakini Foram hajui haya, na hatajua mpaka aambiwe." Akatoa simu, akaipiga, akamkabidhi Evodia.

Ile simu ilikuwa nzito kuliko ndoo. Evodia alijikaza, akasalimia, akaeleza kila kitu tangu maji mpaka mkasi.

"Umenikasirisha," Foram alisema. "Siwezi kusema sijakasirika. Yule binti amepoteza kitambaa cha bibi yake, na mimi siwezi kumrudishia. Nitampigia umwambie mwenyewe kama ulivyoniambia mimi. Halafu mwambie Bibi Klara afume. Mimi nitamsubiri yeye, na nikipata vitambaa vyake nitavifua mwenyewe kabla ya kuviweka dirishani."

Evodia alimwambia yule bibi harusi pia. Bibi harusi hakumgombeza. Alilia tu, na kilio hicho kilimkaa Evodia masikioni siku nyingi.

Vitambaa vilivyoharibika havikuponywa na sabuni wala jua. Vilibaki nyumbani, na Evodia alivitumia kukaushia vyombo kila jioni, nyuzi za mama yake zikiwa za waridi mikononi mwake.

Ule mtande je? Nusu yake ilikuwa nzima. Nusu nyingine ilikuwa imekatika. Akina mama walisema ungeweza kuondolewa wote na kuwekwa mpya, na ingekuwa rahisi. Bibi Klara alikataa.

"Huyu ataunganisha," alisema.

Basi Evodia aliunganisha. Kila uzi uliokatwa ulihitaji kuongezewa kipande kidogo na kufungwa fundo huku na huku, tena fundo dogo la kupita bila kukwama. Alifanya kazi hiyo kila siku baada ya shule, macho yakimuuma, vidole vikichubuka. Peniel alipokuja kumwita, alimjibu, "Nikimaliza fungu hili." Mara nyingine Peniel aliingia na kumshikia nyuzi, maana yeye pia alikuwa anajua ni nani aliyesimama nje ya banda siku ile akihimiza haraka. Bibi Klara alikaa pembeni akikagua kwa vidole. Fundo lililolegea alilifungua, na Evodia akaanza upya.

Nyuzi za mistari nazo zilitiwa rangi upya. Evodia alisuuza. Jua lilikuwa kali na foleni ya bombani ilikuwa vile vile.

"Maji yanasemaje?"

Evodia aliinama juu ya beseni. Yalikuwa yamefikia ile rangi hafifu, ile ya siku ile.

"Bado, bibi," alisema, akachukua ndoo.

Kitambaa cha kwanza kilipotoka kwenye mtande ule, Bibi Klara hakukiweka pamoja na vya kwenda mjini. Alimwita Evodia akae karibu naye kwenye benchi, akakitandaza mapajani mwao wote wawili.

"Funga macho," alimwambia. "Pitisha kidole hapa, kuanzia pindoni."

Evodia alifanya hivyo. Chini ya kidole chake mafundo yalifuatana, madogo na magumu, fundo baada ya fundo. Kisha ghafla yakaisha. Kuanzia katikati kitambaa kilikuwa laini mpaka pindo la pili, kama nyuzi zilivyoachwa na mama yake.

"Unajua ni kwa nini yanaishia hapo?"

"Hapo ndipo nilipopiga kelele," Evodia alinong'ona.

"Hapo ndipo uliposema kweli," bibi alisema. "Huku kulaini kumeokoka kwa sababu ulisema. Huku kwenye mafundo ndiko ulikokaa kimya. Mjukuu wangu, kila mtu hukosea, hata mimi nimeshaharibu vitambaa vingi. Lakini ukikosea, sema siku hiyo hiyo, hata kama unaogopa. Ungesema siku ya maji, tungesuuza tena tu, na leo kusingekuwa na fundo hata moja, na yule binti wa harusi angekuwa na kitambaa cha bibi yake. Ukweli uliochelewa huokoa kile tu ambacho mkasi haujakifikia. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, bibi. Nisamehe."

"Nilikusamehe siku ile ile. Nilitaka tu vidole vyako vikumbuke."

Evodia aliegemeza kichwa begani kwa bibi yake na kulia kimya kimya, kwa ajili ya mama yake na kwa ajili ya ile nusu. Bibi Klara alimwacha alie. Kisha alikikunja kile kitambaa mara mbili, akampa akiweke kwenye mkoba wake wa shule, akasogea kidogo kumpa nafasi kwenye benchi.

"Haya, weka mguu wako hapa kwenye mti," alisema. "Nyuzi za mama yako bado zipo."